Heri Iliyokawia Ina Aliyeikawiza

Kwa miaka mingi Charles Bradley alilipwa ili awe mtu mwingine. Alivaa wigi, akajitupia joho begani, akapiga magoti jukwaani kama James Brown na kuimba nyimbo za James Brown katika vilabu vidogo vya Brooklyn, New York. Kwa lugha ya wanamuziki wetu, alikuwa mpiga kopi. Jina la kazi lilikuwa Black Velvet, na kuna nyakati aliitwa James Brown Jr. Waliolipa kiingilio walijua wanaletewa kopi, nao hawakulalamika kwa kuwa kopi yenyewe ilikuwa safi. Aliyekosa mnunuzi ni Charles Bradley. Albamu ya kwanza yenye jina lake, No Time for Dreaming, ilitoka Januari 2011. Alikuwa na umri wa miaka 62.

Habari za namna hii waandishi tunazipenda mno. Mzee aliyetupwa anaokotwa, anapewa maikrofoni, ukumbi mzima unasimama, watu wanafuta machozi. Mwaka 2012 ikatoka filamu ya maisha yake, Soul of America, na atakayeitazama mpaka mwisho macho makavu basi ana moyo wa peke yake. Mimi mwenyewe naipenda filamu ile. Lakini kila nikisoma zaidi habari za waimbaji wa blues na soul waliopata jina uzeeni, naona tunazisimulia kinyumenyume. Tunasema: si mnaona, subira huvuta heri. Tunamsifu mzee kwa kungoja. Hatuulizi ni nani aliyemngojesha, na muda wote huo akingoja, ni nani aliyekuwa anakula.

Tuanze na Bradley, maana kwake hilo neno subira linakaa vibaya kuliko kwa wengi. Alizaliwa Gainesville, Florida, Novemba 1948. Mama yake alimwacha kwa bibi angali mchanga, akaja kumchukua alipofikisha miaka minane na kumpeleka Brooklyn. Mwaka 1962 dada yake alimpeleka ukumbi wa Apollo, Harlem, kumwona James Brown. Mtoto akarudi nyumbani amepagawa. Alifunga kamba kwenye ufagio, akawa anausukuma na kuuvuta kwa kamba kama James Brown alivyofanya na stendi ya maikrofoni. Akiwa na miaka 14 alitoroka nyumbani, na kwa muda mrefu malazi yake yakawa mabehewa ya treni za chini ya ardhi.

Job Corps, mpango wa serikali wa kuwafundisha kazi vijana maskini, ulimpeleka jimbo la Maine, kaskazini kabisa, akajifunza upishi. Huko mfanyakazi mwenzake akamwambia anafanana na James Brown, akamuuliza kama anajua kuimba. Ikaundwa bendi, wakapiga maonyesho machache, kisha wenzake wakachukuliwa jeshini kwenda vita vya Vietnam na bendi ikafa. Bradley akarudi kwenye masufuria. Akapika kwa miaka, halafu akaanza kuomba lifti kuelekea magharibi, akafika hata Alaska, na mwishoni mwa miaka ya 1970 akatua California. Huko alikaa karibu miaka ishirini akifanya vibarua na kuimba kila alipopata upenyo. Katikati ya miaka ya 1990 mama yake akamwita arudi Brooklyn. Alirudi, akaishi katika chumba cha chini ya nyumba ya mama huyo aliyemwacha mdogo, na akamtunza uzeeni. Kisha mikosi ikaandamana: hospitalini alipewa penisilini ambayo mwili wake haupatani nayo, akaponea chupuchupu, na kaka yake Joseph, aliyekuwa tegemeo lake, akauawa kwa risasi na mtoto wa ndugu yao.

Hapo pana kungoja gani? Mtu alipika, akabeba, akauguza, akazika, na kila alipoona jukwaa alilipanda, hata kama masharti ya kulipanda yalikuwa kuvaa sura ya mwenzake. Aliyeketi barazani akitazama njia ndiye anayengoja. Bradley alikuwa kazini tangu siku aliyofunga kamba kwenye ufagio. Muziki haukumkosa hata mwaka mmoja. Biashara ya muziki ndiyo iliyomkosa kwa karibu nusu karne, na hilo ni jambo la biashara yenyewe, wala mzee asibebeshwe.

Kilichobadilika ni kwamba mtaani kwake palifunguliwa mlango. Mwaka 2001 Gabriel Roth na Neal Sugarman walianzisha kampuni ya Daptone, wakaweka studio katika nyumba ya kawaida ya Troutman Street, eneo la Bushwick, Brooklyn. Walirekodi kwa tepu, bendi ikipiga pamoja chumbani, kama walivyofanya watu wa soul miaka ya 1960. Wakati huo biashara yote ilikuwa inakimbilia kompyuta, na wao walionekana vichaa wenye mapenzi ya santuri. Roth alimwona Bradley akiwa katika joho la Black Velvet, akamkaribisha, na sahani ndogo ya kwanza ikatoka 2002. Haikutikisa chochote. Zikafuata nyingine, nazo hazikutikisa.

Kampuni kubwa ingeishia hapo. Ingefunga hesabu, ingeandika hasara, na Bradley angerudi kwenye wigi lake. Roth yeye alimkutanisha na kijana mpiga gitaa, Thomas Brenneck, na nadhani hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Kwanza walipiga funk ya kuiga mitindo ya zamani. Baadaye Brenneck akaketi na mzee na kumsikiliza akisimulia: Maine, treni, hospitali, asubuhi ya kifo cha Joseph. Akamwambia, mambo haya ndiyo uyaimbe. Wimbo Heartaches and Pain ulitokana na mauaji yale. Mtu aliyekuwa ameambukizwa uimbaji na James Brown tangu utotoni akaanza kuimba habari zake mwenyewe, kwa sauti yenye mikwaruzo, ukelele wake ukiwa na uchungu ambao hauna haja ya joho.

Toka sahani ya kwanza mpaka albamu ni miaka tisa. Kwa hiyo subira ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wenye studio. Chumba ni chao, tepu ni yao, wapigaji ni marafiki zao, na hapana bwana aliyesimama mlangoni na saa mkononi. Hii ndiyo sehemu ya hadithi isiyopendeza kwenye filamu, ilhali ndiyo yenye mafunzo. Kipaji cha Bradley kilikuwepo 1970, kikawepo 1985, kikawepo 1998. Asasi ya kukipokea ndiyo haikuwepo.

Daptone walishaona jambo hilo kwa Sharon Jones. Mama huyu alizaliwa Augusta, Georgia, 1956, mji ambao James Brown mwenyewe alikulia. Aliimba kanisani, akaimba harusini, akaitikia nyuma ya wengine studioni. Ili ale, alikuwa askari magereza katika jela ya Rikers Island, kisha mlinzi wa gari la kusafirishia fedha. Alisimulia mara nyingi, bila kuficha hasira, jinsi mtu wa kampuni kubwa ya kurekodi alivyomhukumu kwa macho: mweusi mno, mfupi mno, mnene mno, umri umempita. Sauti haikuzungumzwa. Albamu yake ya kwanza akiwa na bendi ya Dap-Kings ilitoka 2002, naye ana miaka 46.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwaka 2006 mtayarishaji Mark Ronson aliwakodi hao hao Dap-Kings wapige sehemu ya albamu Back to Black ya Amy Winehouse, binti wa London aliyekuwa na miaka 23. Mapema 2008 Winehouse akazoa Grammy tano. Simlaumu marehemu, aliimba vizuri sana na maisha yalimwadhibu vya kutosha. Nasema tu kwamba bendi ilikuwa ileile, mlio uleule, na studio ya Bushwick ilitumika. Mlio ukikaa na mama wa miaka 50 wa Augusta unaitwa muziki wa kizamani. Ukikaa na msichana wa Kizungu wa London, unaitwa ugunduzi. Sharon Jones aliteuliwa kuwania Grammy kwa albamu yake ya 2014, akiwa ameshapatikana na saratani. Hakushinda. Aliendelea kupanda jukwaani hata wakati dawa zilipokuwa zimemwondolea nywele, na mwenye kutaka kujua kazi ni nini atafute picha za maonyesho hayo.

Wala mambo haya hayakuanza na Daptone. Mississippi John Hurt, mkulima wa kijiji cha Avalon, alirekodi nyimbo kadhaa kwa kampuni ya OKeh mwaka 1928, mwaka uleule ambao mwimbaji wetu wa taarab Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Sahani za Hurt hazikuuzwa sana, mdororo wa uchumi ukaja, kampuni ikaanguka, na yeye akarudi shambani kwa miaka 35. Mwaka 1963 Tom Hoskins, kijana mpenda santuri, alifuata jina la kijiji lililomo ndani ya wimbo mmoja, akaenda mpaka Avalon na kumkuta mzee angali hai, vidole vingali vyepesi. Kiangazi cha mwaka huohuo Hurt akapiga katika tamasha la Newport mbele ya maelfu ya vijana. Alifariki Novemba 1966. Piga hesabu: miaka 35 ya giza, miaka mitatu ya mwanga. Wanaoandika habari zake hutumia kurasa nyingi kwa ile mitatu.

Na Elizabeth Cotten? Alizaliwa North Carolina miaka ya 1890, akatunga Freight Train akiwa mtoto, akiligeuza gitaa juu chini kwa sababu ni wa mkono wa kushoto. Akaliweka chini ukubwani, kanisani wakisema nyimbo za dunia hazimfai, akafanya kazi za ndani. Nyumba aliyokuja kufanyia kazi mjini Washington ikawa ya familia ya Seeger, watu wa muziki, na siku moja wakamkuta jikoni akipapasa gitaa lao la ukutani. Albamu yake ilitoka 1958. Lakini mwaka mmoja kabla, wimbo wake ulikuwa tayari umevuma Uingereza kupitia kundi la Chas McDevitt, na walioandikwa kama watunzi walikuwa Waingereza wawili. Ilibidi papiganwe ndipo jina lake litambuliwe. Mwaka 1985 alipewa Grammy, akiwa amekaribia au kuvuka miaka 90. Magazeti yakafurahi. Naona ni halali kufurahi, mradi tukumbuke kwamba hati ya wimbo wake haikusubiri tuzo hiyo ndipo iibiwe.

Bettye LaVette naye ana kisa chake. Alipata wimbo uliovuma mwaka 1962 akiwa na miaka 16. Miaka kumi baadaye kampuni ya Atlantic ikamrekodi albamu nzima Muscle Shoals, Alabama, kisha ikaitia kabatini bila maelezo ya maana. Ilikaa humo mpaka 2000, Mfaransa mpenzi wa soul alipoichapisha nchini kwake. Watu wakauliza huyu ni nani, naye akapata maisha ya pili: albamu mpya 2005, na Januari 2009 akasimama mbele ya sanamu ya Lincoln kuimba katika sherehe za kuapishwa kwa Obama. Hapo tunaambiwa amefanikiwa uzeeni. Ukweli ni kwamba alikuwa tayari mwaka 1972, tepu zilikuwa tayari, mtu fulani mwenye ufunguo aliamua.

Katika orodha yote hii, anayenifundisha zaidi ni Ruth Brown, na kisa chake hakisimuliwi sana kwa kuwa hakina huruma ndani yake, kina wakili.

Ruth Brown alikuwa malkia wa kampuni ya Atlantic miaka ya 1950. Kuanzia 1949 nyimbo zake ziliuzwa kiasi kwamba watu wa biashara waliita kampuni ile nyumba aliyoijenga Ruth. Miaka ya 1960 ladha za watu zikabadilika, na mjenzi wa nyumba akajikuta akisafisha nyumba za wengine na kuendesha basi la shule ili alee watoto wake. Nyimbo zake ziliendelea kuuzwa. Senti hazikufika. Utaratibu ulikuwa hivi: kampuni inatoa malipo kidogo ya awali, kisha inamkata msanii gharama za studio, za wapigaji, za safari na za mengine, na yote hayo yanaandikwa kama deni lake. Mirabaha inalipa deni kwanza. Deni haliishi. Miaka inapita, msanii anaambiwa yeye ndiye anayedaiwa, na kwa kuwa vitabu vya hesabu viko kwa kampuni, hana pa kushika.

Ruth Brown hakungoja mtu aje kumgundua jikoni. Akishirikiana na mwanasheria Howell Begle, aliyekuwa mpenzi wa nyimbo zake tangu ujana, alidai kuona vitabu. Mvutano ulichukua miaka. Mwaka 1988 Atlantic ikakubali kufuta madeni ya wasanii wake wa zamani na kuanza kuwalipa mirabaha, na ikatoa fedha zilizosaidia kuanzisha Rhythm and Blues Foundation, mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wa kizazi hicho. Mwaka uliofuata Ruth Brown alishinda tuzo ya Tony kwa onyesho la Black and Blue huko Broadway, akiwa na miaka 61, kisha ikafuata Grammy. Wengi hukumbuka tuzo. Mimi nitakumbuka kwamba hundi alizozipigania ziliwafikia pia wenzake ambao hawakupata kamwe kurudi jukwaani, na ambao filamu zao hazitatengenezwa.

Kuna msomaji atasema: ndiyo, lakini hayo ni ya zamani. Si kweli. Mpaka leo, redio za kawaida za Marekani, hizi za mawimbi ya FM na AM, zikipiga wimbo humlipa mtunzi tu. Mwimbaji na wapigaji hawapati kitu. Ni moja ya nchi chache tajiri zenye utaratibu huo, na miswada ya kuubadilisha imekwama Bungeni mara nyingi kwa sababu wenye vituo vya redio wana nguvu. Sasa fikiria maana yake kwa muziki wa soul, ambao waimbaji wake wengi waliimba nyimbo zilizotungwa na wengine. Wimbo unaweza kupigwa kila siku kwa miaka hamsini, na sauti unayoisikia haimletei mwenyewe hata nauli. Rekodi za kabla ya Februari 1972 hazikuwa hata na ulinzi wa sheria ya hakimiliki ya taifa. Sheria iliyozipa haki ya malipo ya huduma za kidijitali ilipitishwa 2018. Wengi waliozirekodi walikuwa wameshazikwa.

Kuna pingamizi lingine lenye uzito zaidi, na silikimbii. Watu husema sauti ya Bradley isingekuwa ile kama asingepitia yale. Mateso ndiyo yaliyomwivisha. Kuna ukweli ndani yake: kijana wa miaka 22 asingeweza kuimba Changes, wimbo wa bendi ya Black Sabbath, kama alivyouimba Bradley, akimwimbia mama yake. Ukimsikiliza, unajua anamzungumzia nani. Lakini tazama hoja hii inatupeleka wapi. Inamfanya aliyemfungia mlango awe kama mshirika wa utunzi. Tena inasahau kwamba tumeishika sauti moja tu kati ya zote alizokuwa nazo. James Brown aliyemtia wazimu mtoto yule Apollo alikuwa hajafikisha miaka thelathini. Mwaka huohuo wa 1962 alitoa fedha zake mfukoni kurekodi onyesho lake ukumbini humo, kwa kuwa mkuu wa kampuni yake alikataa kulipia, na rekodi ile ikawa miongoni mwa rekodi kubwa za karne. Brown alikuwa na fedha za kumbishia bosi. Bradley katika miaka yake ya ishirini alikuwa na aproni ya mpishi. Tunayo sauti ya Bradley wa miaka 62. Bradley wa miaka 29 alikuwaje? Wa miaka 40 je? Hatutawasikia kamwe, na hao nao walikuwa waimbaji.

Halafu kuna mwili. Mafanikio ya ujana hukuta mwili unaodai usingizi na kupona. Ya uzeeni hukuta mwili uliokwisha kutumika jikoni, kwenye baridi, kwenye vibarua visivyo na bima. Bradley alipopata nafasi alikimbia nayo: albamu ya pili 2013, ya tatu 2016, ziara Marekani na Ulaya, kila onyesho akishuka jukwaani kuwakumbatia watu mmoja mmoja. Msimu wa vuli 2016 akapatikana na saratani ya tumbo. Akatibiwa, akarudi jukwaani, ikarudi. Novemba 2016 Sharon Jones akafariki akiwa na miaka 60. Bradley alimfuata tarehe 23 Septemba 2017, akiwa na miaka 68. Toka albamu ya kwanza mpaka kaburini, miaka sita na miezi kadhaa. Daptone wakapoteza nguzo zao mbili ndani ya mwaka mmoja, na kwa kampuni iliyojengwa juu ya wazee hilo lilikuwa jambo la kutarajiwa, ingawa hakuna aliyelitarajia.

Sisi huku tusijifanye wageni wa habari hizi. Bi Kidude aliimba Zanzibar toka enzi za Siti, akapiga ngoma za unyago kwa miongo mingi, na dunia ikaanza kumsikia vizuri akiwa bibi kizee. Tuzo ya WOMEX aliipata 2005. Alipofariki Aprili 2013 tulimlilia kwa maneno makubwa, na aliyekwenda kumwona Ng'ambo alikoishi anajua kwamba hayakulingana na aliyokuwa nayo nyumbani. Tunao wengine, na sitawataja kwa kuwa wako hai na wana heshima zao: wazee waliopiga magitaa na tarumbeta katika bendi za mashirika ya umma, ambao nyimbo zao ndizo redio zetu hutujazia Jumapili kwa jina la zilipendwa. Mmoja wao akiugua, namba ya simu ya kuchangia husomwa hewani, mara nyingine na mtangazaji yuleyule anayepiga nyimbo zake bure. Tunachanga haraka. Kwa matibabu na kwa mazishi hatuna mpinzani.

Mchango ni jambo la utu, sina neno nao. Ila mchango si malipo, na hatuwezi kuendelea kuufanya uwe malipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 ilikwisha kutambua kwamba anayeimba na anayepiga chombo wana haki zao, mbali na mtunzi. Kwa maandishi, basi, tumeizidi Marekani. Kinachokosekana ni vituo vya redio kuandika kwa usahihi wimbo gani umepigwa, wa bendi gani, nani aliimba na nani alishika solo, na fedha kufuata orodha hiyo mpaka kwa mwenyewe au kwa wanawe. Kazi hiyo haina machozi na haitengenezewi filamu. Inataka karani mwangalifu, daftari na nia.

Nawaomba basi watangazaji wa vipindi vya zilipendwa waanze na lililo ndani ya uwezo wao: kila wimbo, tajeni mwimbaji na wapigaji kwa majina, na mpeleke orodha kunakohusika. Wenye kumbi mnaowaita wazee wapige usiku wa Jumamosi, kubalianeni bei kabla, mwalipe usiku huohuo, na msiwahesabie soda na chakula kuwa ni sehemu ya malipo. Na wewe uliye na mjomba au babu aliyewahi kupiga bendi, kamuulize wiki hii nyimbo alizorekodi, mwaka gani, studio gani na wenzake walikuwa akina nani, uandike, kisha mwende pamoja kuzisajili.